Mashua yangu ya alumini inavuja: niichomelee au niiuze skrapu?

Mwalimu, pokea salamu zangu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Kahawa Sukari, lakini nimezaliwa Mbita na kulelewa kwa omena. Baba alikuwa na mashua mbili za mbao. Februari mwaka huu nilipokea zamu yangu ya chama, na badala ya kununua friji tuliyokubaliana na mume wangu, nikanunua mashua.

Niliiona kwenye shamba moja Naivasha, kando ya barabara ya Moi South Lake, imefunikwa turubai chini ya mgunga. Ni ya alumini, futi 14 kwa 5, bati limeunganishwa kwa ribiti, vile vipini vya metali vinavyopondwa mkia. Msimamizi wa shamba aliniambia mwajiri wake wa zamani aliileta kutoka Marekani na kwamba haijaguswa na maji kwa zaidi ya miaka kumi. Bamba la kiwanda limefutika maandishi. Nililipa shilingi 95,000 pamoja na trela isiyo na namba na injini ya Johnson ya nguvu za farasi 20. Sikuuliza mengi. Nilipitisha mkono kwenye omo lake, ile sehemu ya mbele, nikamkumbuka baba, basi.

Pasaka binamu yangu alinisaidia kuiteremsha ziwani bila injini. Dakika kumi na tano maji yalikuwa yamefika kifundoni. Baba alitufundisha kwamba mashua iliyokauka lazima inywe kwanza, mbao zivimbe, mianya ijifunge yenyewe, kwa hivyo nikaifunga kwenye maji ya kina kifupi ikalala humo. Asubuhi tuliikuta imekaa matopeni, maji yamefika kwenye viti.

Tangu hapo iko uani kwetu. Nimepaka silikoni kwenye maungio yote, mirija kumi na mmoja. Chini ya viti nilikuta sponji nyeupe imelowa, nzito ajabu, nikaitoa yote na kuitupa. Ubao wa nyuma unaobeba injini ni laini kama keki, kwa hivyo nimenunua mbao za kijani zilizotiwa dawa, za kutengeneza ubao mpya pamoja na sakafu, na paketi mbili za skrubu za chuma. Injini niliiwasha hapo uani kwa dakika tatu hivi, ikanguruma vizuri sana.

Sasa fundi mmoja wa kuchomelea huko Industrial Area anasema achomelee maungio yote kisha avike fiberglasi chini, shilingi 120,000. Nimempa 20,000 za kuanzia. Mume wangu hajui. Yeye mashua huiita jeneza la bati, na shemeji yangu naye ameshawaahidi watoto kuwapeleka Naivasha nayo Krismasi. Mwalimu, niendelee na huyu fundi, au nikubali hasara niiuze skrapu?

Nyar Mbita, Kahawa Sukari

JIBU

Binti yangu wa Mbita, mashua usiiuze, na huyo fundi asiisogezee moto.

Nimeisoma barua yako mara tatu, kwa sababu miaka yangu ya karakanani nimezitengeneza tatu za aina hiyo na makosa uliyoyataja karibu yote nimeyaona kwa macho yangu. Jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote ni hili: alumini haijakukosea. Mashua za namna yako zilitokana na Vita Kuu ya Pili. Viwanda vya Marekani vilivyokuwa vikiunda ndege vilibaki na bati jepesi, mashine za kulikunja na mafundi waliopiga ribiti mchana na usiku. Grumman, waliokuwa wakiunda ndege za kivita, walianza kutengeneza mitumbwi ya alumini mwaka 1945, na wengine wakafuata upesi. Nyingi za enzi hizo zinaelea hadi leo. Alumini ikiguswa na hewa hujivika ngozi nyembamba ya oksaidi, na ngozi hiyo ndiyo inayoilinda. Ndiyo maana sufuria ya nyanya yako ingali jikoni. Kinachoiua mashua ya alumini ni vitu tunavyoipachika: shaba, chuma, mbao inayokaa imelowa, na gundi isiyostahili. Katika vinne hivyo, wewe umeshanunua vitatu na cha nne ulikikuta ndani.

Nianze na mbao za kijani, maana hizo ziko uani pamoja na mashua na huenda wiki hii umeshika msumeno. Zirudishe kwa muuzaji, au zijengee banda la kuku. Ule ukijani ni dawa yenye shaba. Shaba, alumini na unyevu vikikutana hufanya kazi kama betri, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Mashua moja niliyoletewa Ruiru ilikuwa na sakafu nzuri ya mbao kama hizo, umri wake miaka minne. Tulipoing'oa tulikuta unga mweupe umetanda kama chumvi, na chini ya unga vishimo. Nilichukua sindano ya kushonea magunia nikaigusisha kwenye kimoja, ikapita hadi nje bila nguvu yoyote. Kwa sababu iyo hiyo usiipake chini rangi ya mashua yenye shaba, ile ya kuzuia ukoga. Na skrubu za chuma nazo zitafute kazi nyingine nyumbani. Kwenye alumini tumia chuma cha pua, tena uweke washa ya nailoni katikati au ukipake gundi ya kuziba, metali mbili zisigusane moja kwa moja.

Sasa uvujaji. Baba yako alikuwa sahihi kabisa, ila alikuwa akisema juu ya mbao. Mbao hunywa, huvimba, hujifunga, na pamba aliyokalafatia, yaani aliyozibia mianya, hukaza nayo. Alumini hainywi kitu. Mwanya ulioacha Jumamosi utaukuta Jumapili vilevile, tena trela ikiruka matuta ya barabarani utaukuta umepanuka. Kinachovuja kwako, karibu nina hakika, ni ribiti zilizolegea. Mawimbi yamelipiga bati miaka mingi, ribiti moja moja ikaanza kucheza kwenye tundu lake, na kila moja hutoa tone. Ribiti za mashua kama hiyo ni mamia. Tone kwa tone ndiyo maji ya kifundoni.

Usibahatishe ni ipi, maana maji yenyewe yatakuonyesha. Badala ya kuipeleka mashua majini, safari hii tia maji ndani ya mashua. Iache juu ya trela, funga kizibo cha tezi, yaani cha nyuma, kisha weka magogo na matairi makuukuu chini ya mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, na pembeni, kwa sababu kina cha sentimita 10 tu kwenye mashua ya ukubwa huo ni zaidi ya lita 300, yaani zaidi ya kilo 300 zinazolala juu ya bati ambalo kwa kawaida huegemea ziwa zima. Usizidishe kina hicho. Najua mgao wa maji wa Nairobi. Subiri siku ya maji, au mvua, na ukimaliza myafulie maji hayo au myamwagie sukuma wiki. Wahenga waliosema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani walijua vyombo: maji yote huishia pale chini penye mkuku, na hapo ndipo ribiti huumia zaidi. Ngoja saa nzima. Kisha tandika magazeti chini, ulale chali na tochi na kalamu ya nta, ile mafundi cherehani au watoto wa chekechea hutumia. Ribiti inayotoa machozi izungushie duara. Maungio yanayovuja yapigie mstari. Bati lililopasuka lipigie msalaba. Usiwe na haraka. Kuna ribiti hulia baada ya dakika arubaini.

Lakini kabla ya hapo, ile silikoni yote itoke. Pole sana kwa hilo, maana mirija kumi na mmoja ni kazi ya wikendi mbili. Silikoni haishiki sawasawa kwenye alumini inayojipinda na mawimbi, na mbaya zaidi, mahali ilipopita hakuna kingine kinachoshika, wala rangi, wala gundi nzuri, wala silikoni mpya. Ikwangue kwa kipande cha plastiki kigumu, kisha futa kwa kitambaa na spiriti, ubadilishe kitambaa kila mara. Usitumie grainda. Usitumie brashi ya waya iliyowahi kugusa chuma. Mashua yangu ya kwanza niliisugua kwa brashi niliyokwangulia geti, ikang'aa, nikafurahi. Mvua za Aprili zilipokuja, bodi lote likatoka madoadoa ya kahawia, kama ganda la ndizi iliyoiva kupita kiasi: chembe za chuma zilikuwa zimejichomeka kwenye alumini na sasa zinashika kutu. Nilirudia kazi ya wiki tatu.

Ribiti ukishazizungushia duara, nyingi hazihitaji kubadilishwa, zinahitaji kukazwa. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakaa nje, anabana kipande kizito cha chuma, kilo mbili hivi, juu ya kichwa cha ribiti. Mwingine yuko ndani na nyundo ya kichwa cha mviringo, anagonga mkia mara mbili au tatu, kwa nguvu ya wastani. Sauti ndiyo itakayokuambia. Ribiti iliyolegea hulia kama kikombe chenye ufa, na ikikaa hulia kavu, mlio mmoja mfupi. Ukisikia mlio huo acha, ukizidisha utalinyoosha bati na kuilegeza jirani yake. Ukitaka kuona mkono uliozoea, nenda Kamukunji ukawatazame wanaotengeneza masanduku na sufuria. Nimewahi kuwaleta wawili wao kazini, wazee wa nyundo, na kwa siku moja walikaza kile ambacho mimi na kijana wangu tungekaza kwa wiki.

Ile ambayo tundu lake limekuwa kubwa itobolewe itoke, na pahali pake iingie ribiti nzima ya alumini, nene kidogo kuliko ya kwanza, iliyochovywa kwenye gundi ya polyurethani ya mashua. Zile ribiti za bastola, zenye tundu katikati, zisikaribie sehemu yoyote inayoguswa na maji. Tundu lake ni njia ya maji, na mara nyingi kipande cha chuma hubaki ndani kikashika kutu. Baada ya kukaza, maungio yaliyopigiwa mstari pitishia polyurethani hiyohiyo kwa ndani, bati likiwa kavu na safi. Kisha tia maji tena. Mashua yangu ya pili ilipita jaribio la tatu, si la kwanza.

Sasa umeona kwa nini simtaki fundi wako. Sina haja ya kumtukana, pengine kwenye chuma ni hodari. Bati la mashua ya futi 14 aghalabu halifiki milimita 2. Alumini huyeyuka karibu nyuzi 660, lakini ile ngozi yake ya oksaidi haiyeyuki mpaka moto upite nyuzi 2,000. Fundi asiyeizoea huona ngozi imesimama akadhani bati bado gumu, kumbe chini yake limeshakuwa uji, ghafla linadondoka na kuacha shimo. Hata akiwa na mashine ya TIG na gesi ya agoni, moto huo hulilegeza bati lililokazwa kiwandani na kulikunja, na mabaki ya silikoni yako yatachafua kila mshono. Ribiti moja akiipasha, jirani zake hulegea. Fiberglasi nayo ni ngumu, alumini inapinda, haziendi pamoja. Itaachana na bati, maji yatakaa katikati usiyaone, na mashua iliyokuwa nyepesi itakuwa mzigo. Muombe hizo 20,000. Akisema zimeshatumika, mpelekee trela. Trela ni chuma, bila shaka ina mahali palipopasuka, na hiyo ni kazi yake halali.

Ubao wa tezi, yaani ule wa nyuma, ni habari nyingine, na hapo nakuomba usifanye mzaha hata kidogo, kwa sababu ndio unaobeba injini yote na msukumo wake. Umesema ni laini kama keki. Wa kwangu nilipoutia bisibisi uliingia hadi mpini, na ilipotoka ilikuwa nyeusi, inanuka uyoga. Utoe mzima mzima ukiweza, hata vipande vipande, uupange chini kama picha ya kukata, uwe kielelezo cha mpya. Tumia plaiwudi ya mashua, ile inayounganishwa kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji ya moto. Vipande viwili vya milimita 18 vikigandishwa pamoja kwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya vitu viwili, hukupa unene ambao vibano vya injini vilitengenezewa. Kisha paka epoksi kila upande, mikono mitatu, na zaidi kwenye kingo ambako plaiwudi hunywa. Matundu ya bolti ndiko maji huingilia. Toboa tundu kubwa kuliko bolti, lijaze epoksi, likikauka toboa tena katikati kwa kipimo cha bolti, hapo mbao haitaonana na maji. Kama utafanya kazi hii Julai au Agosti, usipake jioni. Baridi ya Kahawa wakati huo hufanya epoksi ikawie kushika. Anza saa nne asubuhi, jua likiwa juu.

Nimefika kwenye lile lililonishtua katika barua yako. Uliyoitupa si sponji. Ni povu gumu la kuelea, na liliwekwa chini ya viti ili siku mashua ikijaa maji isizame, ibaki juu mpate pa kushikilia. Alumini ni nyepesi ukilinganisha na chuma, lakini ni nzito mara 2.7 kuliko maji. Mashua yako ya leo, ikijaa, itakwenda chini kama sufuria, na injini itaivuta ikitangulia tezi. Ulifanya vema kutoa povu lililolowa, maana uzito wake ulikuwa unakula nafasi ya watu. Ila viti visibaki vitupu. Nunua povu la vyumba vilivyofungwa, lile lisilonyonya maji. Lile jeupe la kufungia televisheni usilitie, petroli ikilimwagikia huliyeyusha kama barafu. Lipange kabla hujafunga viti, ukiacha nafasi chini maji yapite kwenda ngamani. Mpaka hilo lifanyike, mtoto asipande mashua hiyo hata ikiwa imefungwa kwenye mti.

Injini isiwashwe tena kavu. Ndani ya mguu wake kuna pampu yenye gurudumu la mpira linalovuta maji ya kuipoza, na mpira huo hulainishwa na maji yenyewe. Dakika tatu bila maji humaliza meno yake. Badilisha gurudumu hilo hata kama linaonekana zima, kisha uiwashe mguu ukiwa ndani ya pipa la maji, ukiangalia kijito kinachotoka nyuma. Kisipotoka, zima papo hapo. Fungua skrubu ya chini ya gia utazame oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia na sili zibadilishwe. Petroli yake huchanganywa na oili ya mashua za mipigo miwili. Johnson nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hutaka sehemu moja ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa kila lita, za nyuma ya hapo hutaka oili maradufu. Na usishangae ikiwa Naivasha itakuwa mvivu. Ziwa hilo liko karibu mita 1,890 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Farasi wako 20 huko ni kama 16. Mbita, ambako Ziwa Victoria liko chini zaidi, itakimbia kuliko hapo.

Rangi ni ya mwisho, tena si lazima. Kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, alumini tupu haina shida. Ukitaka rangi, osha bati kwa siki na maji, likauke, upake praima ya alumini siku iyo hiyo kabla ngozi ya oksaidi haijakomaa, kisha rangi ya juu. Ukikwangua rangi kuukuu ukakuta tabaka la chini lina manjano yaliyoingia ukijani, hiyo huenda ni zinki kromati, sumu mbaya ya mapafu. Usiipige msasa kavu. Lowesha, vaa barakoa nzuri, na watoto wawe kwa jirani.

Uliuliza kwa mbali umri wake, ulipotaja bamba lililofutika. Tazama nje ya tezi, kona ya juu upande wa kulia. Kama kuna herufi na tarakimu 12 zilizochongwa, ilitengenezwa baada ya tarehe 1 Novemba 1972, siku sheria ya Marekani ilipoanza kuzidai. Kama hakuna, huenda ni ya kabla ya hapo. Hutajua kikomo cha abiria kutoka kwenye bamba, lakini kuna hesabu yao ya mashua ndogo: urefu kwa futi zidisha kwa upana, gawanya kwa 15. Yako inakupa 70 kwa 15, watu wanne na theluthi mbili, na theluthi hatuhesabu. Wanne, siku ambayo ziwa limetulia. Shemeji na ahadi zake atangoja zamu.

Karatasi nazo zisikupite. Rudi kwa aliyekuuzia upate mapatano ya mauzo yaliyotiwa sahihi, na logibuku ya trela kama ipo. Trela hapa Kenya husajiliwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa namba yake yenyewe, zile zinazoanza na Z, na bila hiyo polisi wa barabara ya Naivasha wana haki ya kukusimamisha. Mashua yenyewe hukaguliwa na kusajiliwa na Mamlaka ya Ubaharia, KMA, hata zile za maziwani. Waite kabla ya Krismasi, si baada. Na kabla ya kuteremka Mai Mahiu, fungua bearingi za trela, zioshe, zitie grisi mpya.

Nimebakiza mume wako. Friji mlikubaliana wawili, na hilo haliwezi kuzungukwa. Mwambie leo habari ya zile 20,000, kabla hujazipata na kabla hujazikosa, maana akizisikia kwa fundi hata mashua ikiwa nzima itabaki na jina la jeneza. Mwambie pia kwa nini uliinunua. Barua yako imeniambia mimi, mgeni, habari ya mkono wako kwenye omo na baba yako. Sijaona mahali umesema ulimwambia yeye. Kisha muombe kitu kimoja tu. Siku ya kukaza ribiti, mtu wa kubana chuma nje ni lazima awepo, na hahitaji kuamini lolote juu ya mashua, anahitaji mkono usiotikisika. Utamsikia akisema yuko tayari, nawe ndani utagonga. Saa moja ya kazi hiyo hufanya watu wazungumze.

Krismasi ya mwaka huu naiona ni karibu mno. Kama Novemba itafika mashua imekaa kavu kwenye jaribio la maji, povu liko chini ya viti na ubao wa tezi umefungwa, ipeleke Naivasha bila watoto na bila injini. Fika alfajiri, kwa sababu baada ya adhuhuri upepo huamka na ziwa huchafuka. Angalia kizibo cha tezi kwa kidole chako, usimtume mtu. Ifunge kwa kamba kwenye gati, kaa ndani umevaa jaketi okozi, upo wa kutolea maji uwe miguuni, na usubiri saa moja ukitazama ngama. Ikikaa kavu, siku nyingine ifunge injini, uchukue nahodha wa pale anayejua viboko walikolala, maana mafunjo na gugumaji huhama na upepo na viboko huhama nayo. Watoto wafuate safari ya tatu, kila mmoja na jaketi la ukubwa wake.

Ukishafanya jaribio la maji, niandikie idadi ya duara, mistari na misalaba. Duara hata zikiwa mia hazinitishi. Misalaba ikizidi mitatu, usitoboe kitu mpaka uniletee picha.